Nilimwinua mama mmoja acheze nasi. Sasa shemeji zake wamemgeuka

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 28, mkazi wa Kisumu. Mchana ninauza vifaa vya umeme katika duka la mjomba wangu, na jioni pamoja na kila Jumamosi ninacheza densi ya kisasa katika kikundi cha watu sita. Kazi yetu haina hatua za kukariri. Mazoezini tunajifunza kuanguka, kuinuka, kubebana na kusikilizana kwa ngozi, lakini onyesho lenyewe hubuniwa papo hapo mbele ya watu, na mpiga orutu wetu, ile fidla ya Kiluo ya uzi mmoja, huifuata miili yetu kama nasi tunavyomfuata yeye. Hatuna jukwaa. Watazamaji hukaa kwenye viti vya plastiki wakituzunguka, na baada ya kama dakika 20 huja sehemu tunayoiita kufungua duara. Kila mchezaji huwaendea watu, akasimama mbele ya mmoja na kunyoosha kiganja kilicho wazi, na anayekishika huingia kucheza nasi. Tulikubaliana zamani kwamba mkono unyooshwe kwa muda wa pumzi tatu. Usiposhikwa, unainamisha kichwa kwa heshima na kupita.

Miezi miwili iliyopita tulikuwa na onyesho katika ukumbi mmoja wa jamii hapa mjini, mbele ya watu kama mia moja. Nilisimama mbele ya mama wa makamo aliyekuwa amekuja na wanawake wenzake wa chama. Alitikisa kichwa akicheka, akaficha uso kwa leso. Wenzake wakaanza kumsukuma wakimwambia ainuke, watu wakapiga makofi, nami nikangoja. Kusema kweli pumzi tatu zilipita. Nilihisi kwamba kichwa kilikuwa kikisema la, lakini mwili ulikuwa umekwisha kuanza kusogea. Mwishowe alivua viatu, akaushika mkono wangu, akaingia.

Shangazi, sijui nikueleze vipi yaliyofuata. Mwanzoni alicheza kwa mabega tu, kama wachezavyo akina mama wa kwetu, nami nikamfuata. Halafu tukasimama mgongo kwa mgongo, kila mmoja akimwegemea mwenziwe, jambo tunalolifanya na kila mgeni kwa sababu halihitaji ujuzi. Nikahisi uzito wake ukija kidogo kidogo, hata ukawa wote. Alipogeuka aliliweka paji la uso wake begani mwangu, akabaki hapo. Sauti ya orutu ilishuka ikawa nyembamba kama uzi. Alikuwa analia kimyakimya, nami nikasimama tu, nikipumua. Wenzangu waliniambia baadaye kwamba tulicheza kama dakika nane. Mimi ningesema ni mbili. Ukumbi ulinyamaza wote, kisha watu wakasimama.

Nilikuja kujua baadaye kwamba mama huyo alikuwa amefiwa na mumewe miezi saba kabla ya siku hiyo. Mtu fulani alikuwa amerekodi kwa simu, na video ya dakika moja na nusu, iliyokatwa katikati ikabaki mwanzo na mwisho, ilifika katika kundi la WhatsApp la ukoo wa marehemu. Wao wanamwona mwanamke aliye msibani amejilaza begani mwa kijana. Shemeji zake wamemwita kikao, na yule anayelipa karo ya kitinda mimba wake amesema kwamba mwaka ujao asitegemewe.

Kinachonichanganya zaidi ni kwamba mama mwenyewe hana kinyongo nami. Aliitafuta namba yangu kwa mmoja wa wachezaji wetu, akanipigia. Alisema kwamba tangu mazishi watu wamempa mkono wa pole na kumwombea, ila hakuna aliyewahi kumshikilia. Anataka kuja katika mazoezi yetu ya Jumamosi. Amenipigia mara tano kufikia sasa, na mara nyingine tunaongea mpaka salio linaisha.

Kiongozi wa kikundi chetu amefurahi sana. Mwezi ujao tunakwenda Nakuru, na anataka mama huyo asafiri nasi, na picha ya lile bega itiwe kwenye bango. Nilipopendekeza kwamba tuwe tunawauliza watu kabla ya kuwainua, alisema kwamba mkono ukianza kuomba ruhusa, ubunifu wa papo hapo umekwisha kufa.

Mwisho kuna mchumba wangu, msichana wa Shinyalu. Wazee wetu walipanga kwenda kwao Desemba kwa mazungumzo ya mahari. Aliitazama video hiyo mara tatu, kisha akaniuliza, "Hapo alipotikisa kichwa, wewe ulikuwa ukiangalia wapi?" Sikumjibu. Naona ni wivu tu, ingawa hapo awali hakuwa na wivu, kwa kuwa amekuja kututazama mara nyingi na ameniona nikicheza na wanawake wa kila umri.

Je, niende kwa shemeji za mama nikaombe radhi? Nimkatalie asije mazoezini? Nidai sehemu ya kufungua duara iondolewe, hata kama kufanya hivyo kutanitoa katika kikundi? Ninaipenda densi hii kuliko ninavyoweza kueleza, na sasa ninaogopa mkono wangu mwenyewe.

Mcheza densi, Kisumu

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimekaa nayo siku nne. Mara ya kwanza niliisoma kama habari ya video iliyofika mahali pasipofaa. Mara ya pili niliisoma kama habari ya mjane na wakwe zake. Ni katika usomaji wa tatu nilipoona kwamba maneno yako mazito zaidi umeyaweka mwisho kabisa, pale unaposema kwamba unauogopa mkono wako mwenyewe. Kama nimekuelewa vyema, ulimwinua mama ambaye hukujua mzigo aliokuwa ameubeba, densi ikamfungua mbele ya umati, yeye akakushukuru, lakini gharama inalipwa na yeye na mtoto wake, na kila mtu aliye karibu nawe anaitaka picha hiyo iseme jambo lake. Shemeji wanataka iseme aibu, kiongozi wako anataka iuze tiketi, na wewe unataka ikuambie kama ulitenda mema au mabaya. Sidhani picha moja inaweza kuwajibu nyote.

Nianze na lile ambalo huna haja ya kulionea haya. Kuegemeana mgongo kwa mgongo ni kazi yenye historia na adabu yake. Mwaka 1972 Mmarekani Steve Paxton alianza kuonyesha densi ya namna hiyo, kwanza pamoja na wanafunzi katika chuo cha Oberlin, kisha katika jumba la sanaa jijini New York. Kiini chake ni pale miili miwili inapogusana: uzito hupita hapo kwenda na kurudi, na kila mmoja huendelea kuwajibika kwa mwili wake, ili anayetaka kujitoa aweze kujitoa. Paxton aliwafunza watu pia kusimama wima bila kufanya lolote, wakisikiliza jinsi mwili unavyojisawazisha wenyewe, na kusimama huko akakuita densi ndogo. Mama alipolia begani mwako, ulisimama ukapumua. Hukumbembeleza kwa mikono, hukumgeuza onyesho la kuliza watu, hukumharakisha. Hayo ni mafunzo yako yakifanya kazi, nami naamini ndiyo aliyoyahisi aliposema kwamba hatimaye ameshikiliwa.

Lakini wale waliocheza na Paxton walikuja wakijua walichokijia. Mama huyu alikuja kutazama, pamoja na wenzake wa chama, pengine kwa sababu mmoja wao alimwambia asikae nyumbani peke yake jioni hiyo. Kati ya kutazama na kutazamwa kuna mto, na wewe ndiwe uliyekuwa mvushaji.

Ndiyo maana sentensi moja katika barua yako inanisumbua, nami nitakuambia kwa upole kwa sababu najua hukuiandika kwa nia mbaya. Umesema kichwa kilikuwa kikisema la, lakini mwili ulikuwa umekwisha kuanza kusogea. Je, una hakika ni mwili wake uliokuwa ukisogea? Wenzake walikuwa wakimsukuma. Mwili unaosukumwa na wanawake wawili husogea, hata kama mwenyewe angependa kubaki kitini. Na kicheko cha mama wa makamo anayeficha uso kwa leso mbele ya watu mia moja chaweza kuwa na maana nyingi: haya, furaha, woga, au ile njia yetu ya zamani ya kukataa bila kumvunjia heshima anayetuomba. Mchezaji aliyezoea kusikiliza kwa ngozi anajua mengi, na kujua mengi humfanya mtu aamini kwamba anajua yote. Wewe mwenyewe umejifunza kutofautisha uzito unaotolewa na uzito unaonyang'anywa. Sasa jiulize ule ulikuwa upi katika zile sekunde za kwanza, kabla hajavua viatu.

Sisemi kwamba alilazimishwa. Yeye mwenyewe anasema ilimfaa, na mimi ni nani hata nimkanushe. Ninachokuomba ni kwamba usiutumie mwisho mwema kufuta mwanzo. Mambo haya mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja: kwamba alipata kitu alichokikosa kwa miezi saba, na kwamba wewe ulipita pumzi tatu mlizokubaliana. Ukiyashika yote mawili bila kuachia moja, nadhani utaacha kuuogopa mkono wako na kuanza kuufahamu.

Najua wako watakaokuambia kwamba tatizo lote ni kuiga ugeni, na kwamba kumtoa mtazamaji kitini ni mambo ya Wazungu. Sikubaliani nao. Katika pande hizi zetu mtazamaji hakuwahi kuwa mtu wa kukaa kimya gizani. Unajua vyema pakruok ilivyo katika muziki wa Waluo wa ohangla na nyatiti: mtu hutoa pesa, mwanamuziki hunyamaza, na mtoaji hujisifu au humsifu rafiki yake mbele ya wote, kisha ngoma huendelea. Upande wa Kakamega, isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, ambayo mwaka 2014 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura, huchezwa mtoto anapozaliwa, vijana wanapotahiriwa, watu wanapooana, na watu wanapozikwa. Naam, hata wanapozikwa. Na kwa Waluo msiba wa mzee ulikuwa na tero buru, wanaume wakiwaswaga ng'ombe na kurusha mikuki hewani ili kukifukuza kifo. Msiba na mwili unaocheza ni majirani wa siku nyingi katika nchi hii, na shemeji wanaosema kwamba mfiwa hachezi wamesahau sehemu ya urithi wao wenyewe.

Lakini tazama tena mifano hiyo. Katika pakruok ni mwenye kusifu anayeamua lini ngoma isimame, naye huingia kwa maneno yake na kwa kipimo chake. Katika ngoma za msibani kila mtu anajua nani anacheza, na nani, na kwa nini, kwa hiyo hakuna anayeuliza siku ya pili mjane wa fulani alikuwa akifanya nini pale. Mlango uko wazi, na anayeingia huinuka mwenyewe. Augusto Boal wa Brazil aliufikia utaratibu wa namna hiyo kwa njia yake katika michezo yake ya kuigiza ya umma: ni mtazamaji anayepaza sauti kusimamisha mchezo, kisha akaingia kuchukua nafasi ya mwigizaji na kuonyesha yeye angefanyaje. Na hapa kwetu Kenya, mtunzi wa densi Opiyo Okach, ambaye katika miaka ya 1990 alianzisha kikundi cha Gàara jijini Nairobi pamoja na Faustin Linyekula na Afrah Tenambergen, ameunda kazi za papo hapo ambamo watazamaji hutembea katika nafasi ileile ya wachezaji na kuchagua wenyewe pa kusimama. Unaweza kumkumbusha kiongozi wako haya. Ukuta unaweza kuvunjwa bila mtu kuvutwa.

Nimtendee haki pia kiongozi wako, kwa maana hofu yake si ya kupuuzwa. Iko densi maarufu ya Ohad Naharin wa Israeli, ya mwaka 1999, ambamo wachezaji hushuka kwa watazamaji na kuwapandisha jukwaani, na watu huikumbuka kwa miaka. Mshangao una nguvu zake. Ukitangaza mlangoni kwamba anayetaka kucheza aketi kwenye mikeka ya mbele na asiyetaka aketi kwenye viti vya nyuma, watakaokaa mbele ni wale wale wasio na haya, vijana waliokwisha kuzoea, na mama kama huyu atakaa nyuma, na dakika zake nane hazitakuwapo. Hiyo ni hasara ya kweli. Lakini katika ukumbi mkubwa wa mji wa mbali aliyepandishwa jukwaani hurudi nyumbani bila kujulikana. Kisumu haiko hivyo. Kati ya watu mia moja katika ukumbi wa jamii hakosekani mmoja anayemjua shemeji wa mtu, na simu iko mkononi mwake. Mwaliko mnaoutoa hapa ni mzito kuliko ule wa huko, na aliyewaletea mwaliko huo kutoka huko pengine hakuupima upya.

Ziko njia za katikati, nawe unazijua vizuri kuliko mimi. Mnaweza kuanza kwa maneno machache, kwa Kiswahili na kwa Kiluo, kueleza kwamba baadaye mtanyoosha mikono, na kuwafundisha watu ishara moja ya kukataa ambayo nyote mtaiitikia kwa kuinamisha kichwa, kisha mwaijaribu pamoja hadi kukataa kuwe tendo la densi lenye heshima kama kukubali. Mnaweza kuketi kwanza kando ya mtu kabla ya kusimama mbele yake, maana mwenye kuketi humpunguzia mwenziwe macho ya watu. Mnaweza kuomba simu zikae mfukoni duara likifunguliwa. Kila moja ya hizi itapunguza kitu, na mtajua ni nini mkishaijaribu. Ukienda kwa kiongozi wako na jaribio la jioni moja mkononi, atakusikia tofauti na ukienda na malalamiko. Na kama hatakusikia kabisa, utakuwa na swali jingine la kujiuliza, kama mahali hapo ni pako. Hilo siwezi kulijibu nikiwa mbali, lakini usilijibu kwa hasira wala kwa woga wa kukosa pa kucheza.

Kuhusu bango nitasema waziwazi, kwa kuwa hapo sheria inazungumza. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ruhusa ya wazi ya mwenyewe kabla ya habari zake binafsi kutumika kwa biashara, nayo inampa haki ya kuiondoa ruhusa hiyo hata baada ya kuitoa. Picha ya mtu anayetambulika, iliyotiwa kwenye bango la kuuzia tiketi, haikwepi jambo hilo. Kushika mkono wako jioni ile hakukuwa kutia sahihi. Aulizwe, na aulizwe na mtu mwingine asiyekuwa wewe, ili asikubali kwa ajili ya kukufurahisha. Tena aelezwe kwamba bango la Nakuru linaweza kufika kwa shemeji zake kwa urahisi uleule video ilivyofika.

Sasa nije kwa mama mwenyewe. Katika barua yako yote unauliza umkatalie au umkubalie, uwaendee wakwe zake au usiende, kana kwamba yeye ni mzigo uliouangusha njiani na sasa huna budi kuuokota. Mwanangu, mama huyu ni mtu mzima. Amezika mume, amelea watoto, ameketi katika kikao cha shemeji. Je, umemuuliza anataka nini kifanyike? Huenda akakuambia kwamba ukienda huko utamharibia zaidi, kwa sababu kijana wa kwenye video akitokea nyumbani, hata kwa magoti, wengine wataona uthibitisho wa walichokuwa wakikisema. Huenda pia akataka uende, ukiwa na mzee wa kwenu na mwanamke mmoja wa kikundi, kueleza kile video ilichokikata, yaani zile dakika za katikati ambamo hakuna kilichofichwa. Ukienda, fikiri mapema utaomba radhi kwa lipi. Unaweza kuomba radhi kwa mkono wako uliokaa mno, kwa sababu huo ni wako. Ukiomba radhi kwa machozi yake au kwa bega alilolitumia, utakuwa umekubali kwa niaba yake kwamba alikosa. Kila ukoo una hesabu yake ya siku za ujane, na mazungumzo juu ya hesabu hiyo ni ya mama na watu wake, pamoja na wazee anaowaamini. Suala la karo nalo ni la kuzungumzwa mapema, kabla ya shule kufunguliwa, pengine na chama chake, ambacho wanachama wake walimsukuma wakicheka na sasa wangeweza kumsimamia wakiwa hawacheki.

Mazoezi ya Jumamosi yananipa matumaini na wasiwasi kwa kipimo kimoja. Mwili wenye huzuni unahitaji mahali pa kuuweka uzito wake, na kikundi kinachojua kubeba uzito ni zawadi. Wasiwasi wangu ni zile simu tano. Sidhani kuna ubaya ndani yake, lakini mtu aliyekaa miezi saba bila kushikiliwa anaweza kuuchanganya mkono uliomshika na mtu mwenye mkono huo, na kijana aliyeshukuriwa kwa namna ile anaweza naye kuanza kuhitaji kushukuriwa. Akija, je, anaweza kupokelewa na wanawake wa kikundi chenu, acheze nao kwanza, ajue kwamba kile alichokipata kinapatikana kwa wengi? Na je, mnaye mtu wa kumwelekeza kwake, mshauri wa wafiwa au kikundi cha wajane kanisani kwake, siku ambayo kilio kitakuja kikubwa kuliko mnavyoweza kukibeba? Ninyi ni wachezaji hodari, lakini hamkusomea kutibu msiba, na kumkatalia kabisa kuna hatari yake pia, kwani atasikia kwamba hata ninyi mmekubaliana na shemeji.

Nimemwacha mchumba wako mwisho, kwa sababu yeye ndiye ninayemfikiria tangu nilipoisoma barua yako. Swali lake umeliita wivu. Nimelirudia mara kadhaa nikitafuta huo wivu na sikuuona. Hakuuliza kwa nini mama alilala begani mwako, wala kwa nini mnaongea mpaka salio linaisha. Aliuliza juu ya sekunde ileile unayoikimbia wewe, ile ya pumzi ya nne. Pengine anaulizia nyumba mtakayoijenga, kama siku moja akitikisa kichwa akicheka utamwona, au utajiambia kwamba mwili wake unasema vingine. Pengine nami nimeongeza, na yeye ana maana nyingine kabisa. Hutajua mpaka umjibu.

Bado kuna siku kabla ya wazee kufunga safari ya Shinyalu. Keti naye mahali tulivu, muitazame video hiyo pamoja tangu mwanzo, na ikifika pale mama anapouficha uso kwa leso, isimamishe. Kisha mwambie ulikuwa ukiangalia wapi.